Tusimfanye mtoto wa mgeni kuwa balozi wa vita

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Jambo ambalo hawakulisema ni kwamba nyasi nyingine hung'olewa na mizizi yake, zikapandwa katika shamba la mbali, na huko nako zikaendelea kuulizwa habari za fahali wale.

Msemo huu hunijia kila mara vita vinapozuka katika nchi jirani. Ulinijia Aprili 2023, mapigano yalipoanza mjini Khartoum. Ukanijia tena mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari na kuingia Bukavu katikati ya Februari. Kwa wengi wetu hizo zilikuwa taarifa za kusikiliza wakati wa chakula cha jioni, kisha mtu akaenda kulala. Lakini hapa Kajiado, kuanzia Kiserian na Ongata Rongai hadi Kitengela, wamo watoto ambao usiku kama ule hawalali. Kesho yake asubuhi huvaa sare zao na kuja shuleni kama wenzao.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtoto huyo anapoingia darasani asubuhi hiyo, tumpokeeje? Jibu langu ni kwamba tumpokee kama mwanafunzi. Tusimpokee kama shahidi, wala mshtakiwa, wala balozi wa vita ambavyo hakuvianzisha na ambavyo pengine hana habari navyo kuliko sisi.

Nazungumza kama mwalimu, lakini pia nazungumza kama mmoja wa watoto hao. Nilizaliwa Bukavu, katika nchi iliyoitwa Zaire. Nilikuwa na umri wa miaka saba tulipoondoka, muda mfupi kabla mji huo haujatekwa mwishoni mwa Oktoba 1996. Tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukapanda gari la moshi, kisha mabasi kupitia Arusha na Namanga, hadi tukafika Kiserian, ambako baba alikuwa na rafiki aliyekuwa fundi wa cherehani. Wenyeji wa Kimaasai walitueleza kwamba jina la mji huo lina asili yake katika neno lenye maana ya amani. Baba alilipenda sana jambo hilo. Alilirudia kwa kila mgeni aliyetutembelea.

Watu wazima hudhani kwamba mtoto huvifahamu vita kwa kusikiliza taarifa za habari. Sivyo. Mimi nilivifahamu kwa kuangalia vitu vilivyonunuliwa na visivyonunuliwa nyumbani. Kwa muda mrefu hatukuwa na vitanda. Fedha za kununulia vitanda zilipatikana, lakini mama alikataa katakata, akisema kwamba mtu anayerudi kwao hanunui kitanda. Tulilala juu ya magodoro yaliyokunjwa kila asubuhi na kusimamishwa ukutani, kana kwamba gari la kuyabeba lilikuwa mlangoni. Jioni baba aliisogeza redio karibu na sikio, akaisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, nasi tuliutazama uso wake ili tujue kama tungekula kwa mazungumzo au kwa kimya.

Mei 1997 Mobutu alipoondoka madarakani, uso ule ulikunjuka. Mwaka uliofuata nguo zetu zilikuwa zimekwisha kufungwa ili tusafiri mwezi wa Agosti. Tarehe 2 ya mwezi huo huo vita vya pili vikaanza. Mama aliifungua mizigo bila kusema neno. Wiki chache baadaye seremala alituletea vitanda vitatu. Wadogo zangu walirukaruka kwa furaha mchana kutwa. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, nami nikaelewa kwamba haturudi.

Nchi ya kwetu nayo niliijenga kwa vipande vipande. Kipande kimoja kilikuwa sombe, mboga ya majani ya muhogo ambayo wenzangu wa Pwani huiita kisamvu, na ambayo mama aliitafuta sokoni kila Jumamosi akarudi na sukumawiki. Kipande kingine kilikuwa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, ambao wazazi waliwataja kwa sauti ya watu wanaomtaja ndugu. Kipande cha tatu kilikuwa ramani. Atlasi ya darasani iliendelea kuonyesha Zaire miaka mingi baada ya jina hilo kubadilishwa mwaka 1997. Basi nikawa ninatoka katika nchi ambayo kitabuni ilikuwapo na redioni haikuwapo. Na kulikuwa na misiba. Ilipokuja barua kwamba shangazi yetu amefariki, nilitarajiwa nilie, na kwa kweli nililia. Lakini sura ya shangazi sikuikumbuka. Nilimlilia mama aliyekuwa akilia.

Nayaeleza haya si kwa kutafuta huruma, bali ili mwalimu mwenzangu ajue ni kitu gani hasa anachokigusa anapomwambia mtoto wa namna hii asimame mbele ya wenzake na kuwaeleza kwa nini watu wa kwao wanapigana. Mtoto yule hana elimu ya vita. Alicho nacho ni magodoro, redio na barua. Akijaribu kujibu atasema maneno aliyoyasikia kwa watu wazima, ambayo mara nyingi ni lawama juu ya kabila fulani. Akishindwa kujibu ataonekana mjinga wa mambo ya kwao. Kwa vyovyote vile ataketi akiwa amepungukiwa.

Jambo la pili ni lugha, na hapa nawaomba walimu wa Kiswahili wanisikilize kwa makini. Kiswahili kimetajwa katika katiba ya Kongo ya 2006 kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Nilikuja Kenya nikikizungumza tangu utotoni. Hata hivyo, nilisema "batoto" badala ya "watoto", "bintu" badala ya "vitu", na "niko nasoma" badala ya "ninasoma". Kila nilipofungua kinywa darasa zima liliangua kicheko, nami nikajifunza kunyamaza. Wapo walioandika katika ripoti yangu kwamba sikijui Kiswahili.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa darasa la pili. Aliniita faraghani kwanza, akaniuliza kama ningependa kumsaidia katika somo lake. Siku iliyofuata aligawa ubao sehemu mbili kwa chaki. Upande mmoja aliandika "Kiswahili cha Bukavu", upande wa pili "Kiswahili cha mtihani". Mimi nilitamka sentensi, yeye akaiandika upande wa kwanza, na wenzangu wakatakiwa waiandike upande wa pili. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa kazini. Kabla ya mwisho wa muhula nilikuwa nikiandika Kiswahili cha mtihani vizuri kuliko wengi wao, maana wao walishinda wakizungumza Sheng mchana kutwa.

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, kwa azimio la mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu hupanda jukwaani kila mwaka kujivunia kwamba lugha yetu inazungumzwa hadi mashariki mwa Kongo. Si haki kuusifu upana wa lugha jukwaani, kisha kuucheka darasani unapotujia katika kinywa cha mtoto.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Katika shule yetu alikuwapo mvulana mwingine aliyetoka upande wetu wa Ziwa Kivu. Wazazi wake walikuwa Wanyamulenge, watu wa nyanda za juu za Kivu Kusini ambao lugha yao iko karibu na Kinyarwanda, na ambao uraia wao katika Zaire ulikuwa umebishaniwa kwa miaka mingi. Baadhi ya vijana wa jamii hiyo walikuwa miongoni mwa wapiganaji walioingia Bukavu 1996. Mwaka huo huo watu wa jamii hiyo nao walikuwa wameuawa na wanajeshi na majirani zao. Wageni waliokuja kwetu walituonya tusicheze na mvulana yule. Nyumbani kwao, kama alivyonieleza tulipokuwa wakubwa, aliambiwa maneno hayo hayo kunihusu mimi.

Lakini katika shule nzima, yeye peke yake ndiye aliyesema "batoto" kama mimi. Tulipotaka kuzungumza bila kuchekwa, tulikwenda nyuma ya tangi la maji, mimi na yeye. Hatukuzungumza habari za vita hata siku moja. Tulizungumza habari za sambaza. Watu wazima wa nyumba zote mbili walikuwa na sababu zao za kuchukiana, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa na makaburi ya kweli. Sisi tulikuwa bado hatujakabidhiwa. Shule ilituchelewesha kukabidhiwa, na ucheleweshaji huo ulitutosha kuwa marafiki.

Hii ndiyo kazi ambayo shule inaweza kuifanya na nyumba haiwezi. Mzazi aliyempoteza ndugu hawezi kutakiwa asahau. Lakini chuki ya vita hairithiwi kama rangi ya macho. Hufundishwa, na kinachofundishwa huhitaji muda na mahali. Shule ikimpa mtoto muda mwingine na mahali pengine, mirathi ile huweza kumkosa.

Tofauti kubwa kati ya wakati ule na sasa ni simu. Katika miaka ya tisini chuki ilitufikia kwa barua na kwa wageni. Ilichukua wiki kadhaa, na wakati mwingine ilipotea njiani. Leo mtoto aweza kukiona kijiji cha nyanya yake kikiungua kabla kengele ya asubuhi haijalia. Watoto wa pande mbili za vita hivyo hivyo huweza kuketi katika dawati moja, kila mmoja akiwa ameona picha tofauti, kila mmoja akiwa na hakika kwamba wa kwao ndio waliodhulumiwa. Tena vita vyenyewe haviishi. Mtu wa rika langu aliyezaliwa Bukavu amesikia mji wake ukitekwa mnamo 1996, 1998, 2004 na 2025. Tusidhani kwamba tatizo hili litapita lenyewe ikiwa tutavumilia kidogo.

Najua majibu nitakayopewa. Wapo watakaosema kwamba kunyamazia vita ni kumnyima mtoto historia yake. Naam, nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana nasema vita vifundishwe. Tofauti iko katika namna ya kuvifundisha. Katika mfumo wa 8-4-4, somo la Historia na Serikali katika kidato cha nne humtaka mwanafunzi ajifunze maendeleo na changamoto za Kongo na Tanzania tangu uhuru. Ni katika masomo ya historia ya sekondari nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba nchi ya kwetu ilikuwa mali ya binafsi ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908. Kwamba ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Na kwamba waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa Januari 1961, kabla hata mwaka mmoja wa uhuru haujatimia. Baadaye nikajifunza habari za dhahabu, bati na koltani, na habari za wakimbizi zaidi ya milioni moja waliovuka kutoka Rwanda mwaka 1994.

Siwezi kueleza jinsi nilivyotua mzigo. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikiamini kwamba watu wetu ni wakali kwa maumbile. Sasa nikaona kwamba vita vina chanzo, vina wanaofaidika navyo, na kwa hiyo vyaweza kuwa na mwisho. Somo lile tulifundishwa darasa zima, na sote tulitahiniwa. Hakuna aliyenigeuzia macho nilipe deni la nchi yangu. Hivyo ndivyo vita vinavyopasa kufundishwa.

Wengine watasema kwamba madarasa yamejaa, kwamba mwalimu ana watoto wengi kupita kiasi, na kwamba hana nafasi ya kumchunguza kila mgeni. Ni kweli madarasa yamejaa. Lakini ninayoyaomba hayahitaji fedha wala kipindi cha ziada. Chaki ya mwalimu wangu wa darasa la pili ilikuwa ile ile aliyopewa na shule.

Aidha wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue na watoto wa wageni ilhali wetu wenyewe wana shida. Hao nawakumbusha mambo mawili. Kwanza, Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imesema kila mtoto. Haikusema kila mtoto wa mwananchi. Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990. Pili, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya elfu moja waliuawa na maelfu kwa maelfu wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Wanafunzi waliosoma riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, ilipokuwa kitabu teule, wanajua vyema jinsi vita vinavyotawanya jamaa. Nao walimu waliofundisha mwaka 2008 wanawakumbuka watoto waliohamishiwa madarasani mwao katikati ya muhula, bila vitabu na bila maneno. Watoto wale hawakutoka nchi ya mbali.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwalimu asimwite mtoto aeleze vita mbele ya darasa. Vita vikizuka kwao, amwulize faraghani, kwa sentensi moja, kama jamaa zake wako salama, kisha amwache ajibu au asijibu. Pili, katika insha tumpe uchaguzi. Tukitoa mada ya likizo yangu nyumbani kwa babu, tuweke na mada nyingine kando yake, kwa kuwa wapo ambao babu yao hana nyumba tena. Anayetaka kuandika habari za kwao aandike, na mwalimu amsahihishie sarufi kama anavyomsahihishia mwingine yeyote, bila kuisoma insha hiyo kwa sauti pasipo idhini yake. Tatu, lafudhi na lahaja zisahihishwe bila dhihaka.

Nanyi wanafunzi, neno "mkimbizi" si jina la mtu. Ni hali iliyompata, kama vile yatima au mgonjwa, na hakuna anayependa kuitwa kwa msiba wake. Mwenzako akikosea ngeli, msahihishe kama ambavyo ungependa usahihishwe wewe utakapofika ugenini. Kama unataka kujua habari za vita vya kwao, vipo vitabu na yupo mwalimu wa historia. Yeye mwulize kama atacheza mpira.

Kwa wazazi tuliotoka mbali nina neno moja tu. Wafu wetu wanastahili kukumbukwa, na watoto wetu wanastahili kuelezwa ukweli kwa kadiri ya umri wao. Lakini tusiwape orodha ya maadui. Yule tunayemwonya mtoto asicheze naye yawezekana ndiye peke yake shuleni anayeielewa lugha yake.

Mtoto aliyetoka katika nchi ya vita ana haki ya kuijua historia ya kwao. Hana deni la kuisimulia kila anapoulizwa, wala hana wajibu wa kuvipigana vita hivyo upya katika uwanja wa shule. Serikali na majeshi vina mabalozi wao wanaolipwa mishahara. Huyu wetu ana kazi nyingine: ana hesabu za kumaliza, ana shairi la kukariri, na kesho ana mtihani.